Moshi Jangwani: Nilivyokwenda Kumposea Rajabu

Kwanza niseme hili ili tusisumbuane: simba sikumwona. Tangu nirudi hapa Makina, Kibera, kila mtu ananiuliza habari za simba, hata yule muuza makaa ambaye kwa kawaida hanisemeshi. Nimeona ndovu, nimeona twiga, nimeona mbuni akikimbia kama mtu aliyeibiwa kiatu. Simba, hakuna. Anayemtaka aende hapo mbugani Langata alipe kiingilio.

Habari yenyewe ni ya Rajabu. Nyinyi wa chama mnamjua, lakini Mama Nekesa ameniomba niandike vizuri ili awasomee dada zake kule mtaa wa Kongo, Kawangware, na wao hawamjui, kwa hivyo nyinyi wengine vumilieni. Rajabu ni mtoto wa pekee wa marehemu dada yangu. Mamake alipofariki, Rajabu alikuwa ndio anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Nikamlea na wangu, chumba kimoja, sinia moja. Akajifunza umakanika, akachukuliwa na lori la watalii lililokuwa linashuka kusini mwa Afrika. Lori likafia jangwani huko Namibia. Watalii wakaletewa gari lingine, Rajabu akaachwa alilinde, na kwa vile alikuwa hana kazi akaombwa aangalie jenereta ya loji iliyokuwa karibu. Huko kuangalia jenereta kumechukua miaka minne.

Halafu siku moja akapiga simu pale dukani kwa Mzee Ramadhani. "Anti, nimepata msichana." Jina lake Erika, anafanya kazi ya nguo na vyumba hapo hapo loji. Baba amekubali, mama amekubali. Aliyekataa ni bibi yake, na kwao bibi akikataa mmekataliwa nyote. Bibi amesema, mtu aliyekuja peke yake barabarani anaweza kuondoka peke yake barabarani. Kama ana watu, waje niwaone.

Watu wake ni mimi. Na nisiwafiche, nilikuwa na yangu moyoni. Nilikwenda kumposea, ndiyo, lakini pia niwarudishe nyumbani wote wawili. Mpangaji wa chumba cha mbele nilishamtoa, nikakipaka rangi ya samawati.

Nairobi hadi Dar

Nilipowaambia majirani naenda kulala loji walicheka mpaka wakakaa chini. Si mnajua loji za kwetu, mtu huingia akiangalia nyuma. Nikawaambia hii ni nyingine, wazungu huja na ndege kuilala. Wakacheka zaidi.

Mzigo wangu ulikuwa wa mwanamke wa Kinubi anayekwenda kwenye jambo. Magurubaba mawili mapya, ndiyo mavazi yetu, dilka ya kusugulia ngozi kwenye kopo la maziwa ya unga, ubani, hina, na kuni za dukhani zimefungwa kwa kitambaa. Dada wa Kongo huenda hawajui dukhani. Kwetu, mwanamke akitaka kuwa safi kweli kweli, maji peke yake hayatoshi. Unaketi juu ya chungu chenye makaa na kuni za harufu, umejifunika blanketi mpaka shingoni, kichwa tu nje. Moshi unakuingia, jasho linakutoka, na ukiinuka hapo ngozi inang'aa na harufu nzuri inakaa na wewe siku nyingi. Bibi harusi huandaliwa hivyo. Na mwanamke mzima akiwa na neno zito la kwenda kusema hujiandaa hivyo. Sikuwa na nia ya kwenda kuomba binti wa watu nikinuka basi.

Mama Nekesa alinifungia njugu karanga za kukaanga na simsim. Mungu ambariki, maana basi liliharibika baada ya Namanga tukakaa chini ya jua hadi dereva alipopata mkanda wa injini kwa mtu aliyempitia. Njugu zile zilinifanya nipendwe na abiria wote. Kondakta alinihamishia kiti cha mbele bila kuombwa.

Treni

Kutoka Dar nikapanda treni ya kwenda Zambia. Kwenye behewa letu la wanawake kulikuwa na mama mmoja wa Mbeya, Mama Tumaini, anayefanya biashara ya mchele. Mhudumu alipopita nikamwambia, "Nipe chai, na mkate uniletee." Mama Tumaini akanitazama kama nimemtukana mamake.

"Dada, kwenu Kenya hamwombi?"

"Si nimeomba."

"Umeamuru. Sema, naomba chai."

Jamani. Mimi na umri wangu, ninayeheshimiwa Kibera nzima, nafundishwa kuomba chai ninayoilipia. Nilikasirika hadi stesheni ya Mlimba. Lakini niliona mhudumu yule akimpa yeye chai ya moto na mimi ya vuguvugu, basi nikashika adabu. Kuanzia hapo nikawa naomba kila kitu, hata mkaguzi wa tiketi nilimwambia naomba uione tiketi yangu. Mama Tumaini alifurahi sana. Aliposhuka Mbeya aliniachia ndizi za kuchoma na akaniambia niseme hivyo hivyo huko niendako. Nikafika Zambia, hakuna aliyenielewa hata nilipoomba.

Treni ile husimama porini bila sababu, halafu wenyeji wanatokea na vikapu kana kwamba walikuwa na miadi nayo. Tulisimama mahali pamoja kutwa nzima. Nilikula ugali mweupe laini na samaki wadogo wakavu, kama omena wetu kabisa, nikamkumbuka jirani yangu wa Ayany anayeapa omena wa kweli anatoka Ziwa Viktoria tu. Sijamwambia bado. Atasomea hapa.

Mtoni

Mwisho wa Zambia kulikuwa na barabara ambayo sitaki kuizungumzia, mgongo wangu haujaisamehe. Mto Zambezi tukauvuka kwa pantoni, na ng'ambo nikakutana na afisa wa forodha, kijana nadhifu mwenye glavu. Akafungua mzigo wangu. Akafungua kopo la dilka, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni dawa ya nini?"

"Ya kusugua mwili."

"Uganga?"

Nilihisi damu inapanda. Mimi na tasbihi yangu naitwa mganga. Nikamshika mkono, nikamvua glavu, nikachukua dilka kidogo nikamsugua pale pale mbele ya foleni. Uchafu ukatoka vipande vipande, ngozi ikabaki laini kama ya mtoto. Akautazama ule mkono, akautazama na ule mwingine. Foleni yote ikawa inachungulia. Akanirudishia kopo, na hakuweza kujizuia, akaninyooshea mkono wa pili nimalizie.

Lakini kuni alizikatalia. Alisema magome ya miti yana wadudu, sheria ni sheria. Nikasema naomba, nikasema tafadhali, nikasema na kwa Kinubi maneno ambayo sitayaandika. Kuni zikabaki. Niliingia Namibia nikijiona kama fundi aliyenyang'anywa nyundo.

Loji

Rajabu alinipokea Opuwo, mji mdogo ambao ukiupita hakuna petroli tena. Sikumtambua. Kaenda kijana, nakuta baba wa watu mwenye ndevu na kofia. "Salaam aleikum, anti," akaanza, nami nikamshika nikalia hapo penye pampu, watu wakatuzunguka.

Njiani nikamweleza habari za chumba cha mbele, rangi ya samawati, na jinsi nilivyoongea na mwenye gereji pale Makina kuhusu kazi. Aliitikia, "Ehe, anti," akabadilisha gia. Baadaye akasema, "Wacha kwanza tuone bibi." Nikadhani ana wasiwasi wa posa tu.

Sasa loji. Mnataka niieleze na sijui nianzie wapi, maana kuna kidogo sana cha kueleza. Ni mchanga na mawe mpaka macho yachoke. Mto upo, lakini hauna maji, ni njia ya mchanga yenye migunga kando, na ndovu hupita humo taratibu kama wazee wanaotoka msikitini. Nyumba ni za mawe na paa la nyasi, mbali mbali, hakuna ua wala geti. Meneja, mama mmoja mzungu mwembamba asiyependa maneno mengi, alinipa nyumba ya wageni bure kwa sababu wageni walikuwa wachache na Rajabu ndiye anayeifanya taa iwake. Kitanda kikubwa kama duka la Mzee Ramadhani. Kimya kile kilinitia hofu. Hapa kwetu nikilala nasikia jirani akigeuka.

Chakula kilikuwa kingi na mimi sikula. Nyama yote ilikuwa ya wanyama wa kupigwa risasi, na sikujua nani amesoma bismillahi. Nikawa nakula mayai na maharagwe. Petrus, mpishi, akaamini mimi ni mgonjwa. Kila mlo ananiletea supu laini zaidi, anasimama pembeni ananitazama kwa huruma. Siku nilipokula mandazi yao, yasiyo na iliki wala upendo, alipiga makofi. Na meneja nilimkosea bila kujua. Nilipowekewa chakula nikafanya kama kwetu, nikawaambia karibuni wote waliosimama pale, wahudumu, wafua nguo, walinzi. Wakaja. Wakakaa. Sahani za wageni zikaliwa na meneja akatoka ofisini akakuta meza yake ya maonyesho imejaa watu wake mwenyewe, mimi katikati nikimega mkate. Aliagiza chakula zaidi kipikwe, ila siku iliyofuata meza yangu ilikuwa imehamishiwa karibu na jikoni.

Kichekesho kingine. Wanawake wa Kiherero wa huko huvaa magauni marefu mapana na vilemba, kwa hivyo mtalii mmoja aliponiona na gurubaba yangu na kitambaa kichwani aliamini mimi ni mwenyeji. Akanipiga picha, akanipa peremende, akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole kijiji changu kiko wapi. Nikamwambia, kiko Nairobi, na mimi ni mtalii kama wewe, sogea na mimi nikupige. Sina kamera, lakini alisogea.

Moto

Siku moja kabla ya kwenda kwa bibi nilimwambia Rajabu aniletee kuni za mgunga kutoka mtoni. Hakuuliza, anajua nyumba aliyolelewa. Alasiri, wageni wamelala, nikachukua chungu cha maua kilichokuwa kibarazani, nikatia mchanga chini, makaa kutoka kwa Petrus, kuni na ubani wangu juu. Nikafunga madirisha, nikaketi kwenye kistuli, nikajifunika blanketi la loji mpaka shingoni. Kuni za jangwani zina harufu nzito, tamu. Uchovu wa basi, wa treni, wa pantoni, wote ukaanza kunitoka. Nikafumba macho nikapanga maneno yangu ya posa.

Nilichokisahau ni paa la nyasi. Moshi hauna adabu ya kukaa ndani. Ulipenya kwenye nyasi ukatoka juu, na mtu aliyekuwa mbali akiangalia aliona nyumba ya mgeni inaungua na mgeni yumo ndani.

Nikasikia kelele, mbio, halafu mlango ukavunjwa. Walinzi, Petrus na ndoo, meneja mwenyewe amebeba ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Wakaona kichwa cha mwanamke kimekaa juu ya blanketi katikati ya moshi, kinawatazama. Kabla sijafungua mdomo meneja akanimiminia unga mweupe kuanzia kilemba hadi sakafu. Petrus akamalizia na ndoo.

Rajabu alipofika akawaeleza, na nikaona jinsi uso wa meneja ulivyogeuka kutoka hofu kuwa hasira, na kwa haki. Nyasi zile zikishika hakuna maji ya kuzizima, yanaletwa kwa tangi. Alimwambia Rajabu huyu ni mgeni wako, kwa hivyo kesho jioni tutaongea kuhusu kazi yako.

"Anti," Rajabu akaniambia tulipobaki wawili, "umenimaliza." Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Nilikuja kumpatia mke na sasa nilikuwa karibu kumnyang'anya na kazi. Na Petrus alitoka kijiji kimoja na bibi. Nilijua habari itafika kabla yetu.

Kwa Bibi

Bibi ni Mhimba wa zamani, wa kabila la wafugaji wa jangwa lile. Tulimkuta ameketi mlangoni mwa kibanda chake cha udongo, amejipaka mafuta na udongo mwekundu mwili mzima, nywele pia, amenyooka kama mtu aliyekuja kupokea kodi. Kidogo nimpigie magoti. Erika, msichana mwembamba mwenye macho ya utulivu, alisimama katikati yetu kutafsiri, yeye kwa Kiingereza chake na mimi kwa changu. Rajabu akabaki kwenye gari, ndiyo desturi.

Sikuanza hata salamu. Bibi alinishika mkono akaunusa. Akanusa shingo. Kisha akachukua ncha ya kilemba changu, iliyokuwa bado ina ule unga mweupe, akaitikisa, akasema kitu kirefu.

Erika akasita. "Anauliza, ni kweli walikuzimia moshi ukiwa bado umeketi?"

Nikasema ni kweli, na nikaanza kuomba radhi, kwamba mimi ni mtu mzima na nimewatia aibu. Erika hakumaliza kutafsiri. Bibi alishainuka, uso umekunjamana, akiwasema watu wa loji, na ingawa sikujua neno hata moja nilijua ananitetea. Akaingia ndani, akatoa mkono nje, akaniita kwa vidole.

Mle ndani kulikuwa na bakuli la makaa. Akanyunyizia majani na utomvu wa kichaka chao, na moshi ulipoinuka nikafumba macho nikauvuta. Si harufu yetu, lakini ni ndugu yake. Erika akanieleza kutoka mlangoni kwamba bibi hajaoga kwa maji tangu utoto wake. Kila asubuhi huketi hivi. Na mwanamke aliyeanza moshi akakatizwa hawezi kwenda kusema neno lolote la maana, lazima kwanza amalize.

Basi tukaketi wawili, tumefunikwa blanketi moja, magoti yanagusana, jasho langu na udongo wake mwekundu vikichanganyika kwenye gurubaba yangu mpya, na sikujali. Erika alikaa kizingitini ametupa mgongo, akipitisha maneno.

"Anauliza, kwenu msichana huanza moshi lini?"

"Akishaposwa na watu wake wakakubali. Kabla ya hapo, hapana."

"Anauliza, mama wa Rajabu alifundishwa na nani?"

"Na mimi. Mimi ndiye niliyemfunika blanketi siku zake za arusi."

Bibi aliongeza majani kwenye makaa. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo alilolibeba miaka yote hii, na Erika alipolitafsiri sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Anasema, yeye hana mjukuu mwingine anayemletea kuni. Tukimpa Rajabu Erika, mtamchukua?"

Nilikuwa na jibu. Nimelibeba kutoka Makina, nimelipaka hata rangi. Lakini nilimwona yule mwanamke, umri wake, mkono wake uliokuwa bado umeshika wangu chini ya blanketi, na nikakumbuka Rajabu akibadilisha gia bila kunitazama. Mtoto hakuwa na wasiwasi wa posa. Alikuwa na wasiwasi wa mimi. Ilinichoma, wallahi, ilinichoma hapa kifuani. Miaka minne namngoja.

"Mwambie hapana," nikasema. "Sitamchukua. Na Rajabu wakae naye. Ni mtoto mzuri, anapenda chai nzito, wasimnyime."

Erika alipotafsiri, bibi aliinua ncha ya blanketi upande wake, akaiacha wazi, akamwita jina lake. Erika aligeuka akatutazama. Alikuwa ameshasikia nilivyosema, kwamba msichana haingii humo mpaka watu wake wakubali. Akavua viatu, akaja akaketi katikati yetu, na bibi akamfunika mpaka shingoni.

Habari ya meneja ilimalizwa na Erika kwa maneno machache: moshi utakuwa kijijini, si chini ya nyasi za loji, na Rajabu ataweka mlango mpya mahali pa ule uliovunjwa. Meneja alikubali, maana jenereta ilikuwa imezima tena.

Lakini hiyo ilikuwa jioni. Nilipotoka kwa bibi jua lilikuwa bado kali, nami nimelowa jasho na nimekuwa mwekundu nusu. Rajabu alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha gari. Akainuka.

"Anti, wamekubali?"

"Wamekubali," nikamwambia. "Na mimi nimekubali. Ukae huku."

Alinielewa hapo hapo. Alikaa chini mchangani, mtu mzima na ndevu zake, akaegemeza kichwa kwenye magoti yangu na kulia, nami nikasimama pale juani nikimshika kichwa mpaka alipomaliza.